Kuutembelea Mji Mkongwe wa Zanzibar: Mwongozo kwa Mlaji Atokaye Mbali

Kutoka Mwese, katika milima ya Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi, hadi Mji Mkongwe wa Zanzibar ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Msafiri huteremka kwa gari hadi Mpanda, hupanda basi au treni ipitayo Kaliua na Tabora, hufika Dar es Salaam, kisha huvuka bahari. Wapo wanaokwenda kwa harusi ya ndugu, wapo wanaompeleka mtoto chuoni, na siku hizi wapo wanaokwenda kutembea tu, ili waone kwa macho yao mahali walipopasoma vitabuni. Kwa familia nyingi, safari ya namna hiyo huligharimu pato la msimu mzima wa maharage au asali.

Umbali huo ndio uliotufanya tuandike makala haya. Mkazi wa Mpanda akiuziwa redio mbovu sokoni, kesho yake humrudia muuzaji. Mkazi wa Mwese akiuziwa bidhaa bandia Zanzibar, hamrudii mtu, kwa maana nauli ya kurudi ni kubwa kuliko thamani ya bidhaa yenyewe. Kwa hiyo mgeni atokaye mbali hana budi kuzitumia haki zake pale pale, kabla fedha haijatoka mkononi. Katika kurasa hizi tunaeleza namna ya kufanya hivyo bila kuiharibu furaha ya safari, tangu bandarini hadi barazani, na tangu dukani hadi ukumbi wa taarabu.

Sheria hubadilika ukivuka bahari

Walaji wengi wa Tanzania Bara hawalijui jambo hili: kumlinda mlaji si jambo la Muungano. Bara, ulinzi huo umo katika Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani. Zanzibar ina sheria yake, Na. 5 ya mwaka 2018, na chombo chake, yaani Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar. Vivyo hivyo, Bara viwango vya bidhaa husimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania; Zanzibar husimamiwa na Taasisi ya Viwango Zanzibar. Usalama wa chakula na dawa Zanzibar uko chini ya Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar.

Maana yake kwa msafiri ni nyepesi. Lalamiko kuhusu duka la Mji Mkongwe hupelekwa kwa vyombo vya Zanzibar, na hupelekwa kwa wepesi zaidi ukiwa bado huko. Ukilibeba hadi Mpanda, umelibeba bure.

Fedha, kwa upande wake, ni jambo la Muungano. Shilingi ya Tanzania ni fedha halali pande zote mbili, na Kanuni za Matumizi ya Fedha za Kigeni za mwaka 2025 zinakataza bidhaa na huduma za ndani ya nchi kutangazwa au kutozwa kwa fedha za kigeni, isipokuwa kwa mambo machache yaliyotajwa. Ukitajiwa bei kwa dola, omba kwa adabu utajiwe kwa shilingi, kisha ndipo uamue.

Bandarini: tiketi, jina na kitambulisho

Boti ziendazo kasi huvuka kutoka Dar es Salaam hadi Unguja kwa takriban saa mbili. Nauli ya mkazi ni tofauti na ya mgeni kutoka nje ya nchi, na kitambulisho ndicho kinachothibitisha ukazi. Usikiache nyumbani, wala usikifungie katika begi litakalopakiwa chini.

Nunua tiketi katika ofisi ya kampuni ya boti au kwa wakala anayetambuliwa nayo. Bandarini utakutana na watu wanaojitolea kukukatia tiketi upesi. Wengine ni wasaidizi wa kweli. Wengine huongeza bei, na wengine hukupa tiketi yenye jina la mtu mwingine. Hilo la mwisho ni zito kuliko linavyoonekana. Mnamo tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, ikiwa imebeba abiria wengi kupita uwezo wake. Tarehe 18 Julai 2012 MV Skagit ilizama ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja. Katika maafa hayo mawili mamia ya watu walipoteza maisha. Orodha ya abiria ndiyo inayowaambia waokoaji ni nani wa kutafutwa na familia ipi ya kuarifiwa. Jina lako lisipokuwamo, mbele ya orodha hiyo wewe hukusafiri.

Kwa hiyo soma tiketi kabla hujaondoka dirishani: jina, tarehe, saa na kiasi ulicholipa. Ukiona chombo kimejaa kupita kiasi, una haki ya kukataa kupanda. Nauli iliyopotea hutafutwa tena.

Malazi: kabla ya kutuma amana

Nyumba nyingi za wageni hukodishwa kwa simu, nazo huomba amana. Kabla ya kutuma, uliza mambo manne: bei ni ya chumba au ya mtu mmoja, inajumuisha kodi na kifungua kinywa au la, amana hurudishwa kwa masharti gani safari ikiahirishwa, na jina la biashara ni lipi. Jina litakalojitokeza katika simu yako wakati wa kulipa lilingane na jina la biashara hiyo. Likijitokeza jina la mtu usiyemjua, simamisha malipo, piga simu, uliza. Hifadhi ujumbe wa makubaliano pamoja na ujumbe wa malipo, kwa kuwa hiyo ndiyo hati yako.

Fahamu pia kwamba bei za vyumba hupanda nyakati za sherehe. Tamasha la muziki la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004, hufanyika mwezi Februari, na Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar limekuwapo tangu 1998. Anayetaka kuyaona matamasha hayo na apange mapema. Asiyeyataka na achague majuma mengine, atapata nafuu.

Kuujua mtaa kabla ya kuutumia

Mji Mkongwe ni makazi ya watu. UNESCO iliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, lakini humo humo watoto huenda madrasa, nguo huanikwa barazani, na wazee hucheza bao na dhumna. Nyumba zake zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, na vichochoro vyake ni vyembamba hata gari halipiti. Teksi itakufikisha ukingoni tu. Mbele ya hapo ni miguu, au mchukuzi wa mizigo. Teksi nyingi hazina mita, kwa hiyo patana na dereva kabla ya kufunga mlango, na mchukuzi kabla hajainua begi.

Mahali pa kuona ni pengi. Ngome Kongwe ilijengwa na Waarabu wa Omani baada ya Wareno kuondolewa, mwishoni mwa karne ya 17. Huko Mkunazini, Kanisa Kuu la Anglikana limesimama mahali palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Msafiri wa kutoka magharibi mwa Tanzania atasimama hapo kwa moyo mzito, kwa kuwa misafara iliyofika pwani ilitoka pande zetu pia, kupitia Ujiji na Tabora. Beit al Ajaib, jumba la Sultani Barghash lililojengwa mwaka 1883, liliporomoka kwa sehemu tarehe 25 Desemba 2020. Tukio hilo linatufundisha kuheshimu uzio na vibao vya tahadhari. Atakayekuambia kwamba anaweza kukuingiza kwa siri katika jengo lililofungwa anakuuzia hatari.

Ukihitaji mtembezaji, chukua mwenye kitambulisho kinachotambuliwa na Kamisheni ya Utalii Zanzibar. Wenyeji huwaita wapambe wasio na kibali wanaowaandama wageni kwa jina la mapapasi. Huduma ya papasi huanza kama hisani na huishia kwa madai. Tena, akikuingiza dukani, mara nyingi fungu lake huongezwa katika bei yako. Mwambie tangu mwanzo, kwa upole: "Ahsante kaka, njia naijua." Kwa mtembezaji halali, patana juu ya bei, muda, na kama viingilio vimo ndani ya bei hiyo. Kila kiingilio unacholipa kiwe na risiti.

Kununua: viungo, kanga na vito

Soko la Darajani, lililofunguliwa mwaka 1904, ndipo wenyeji wenyewe wanaponunua samaki, mboga na viungo. Anza hapo, hata kama nia yako ni kununua kwingine, upate kujua bei ya kawaida. Kisha ndipo uingie katika maduka ya mtaa wa Gizenga, ambako bei hutajwa kwa kutazama uso wa mgeni. Kupatana bei si kosa, wala si ujeuri, biashara haigombi. Lakini bei mliyokubaliana ndiyo bei. Muuzaji hana haki ya kuiongeza wakati wa kufunga mzigo.

Karafuu, mdalasini, iliki, pilipili manga na kungumanga ni mazao ya visiwani. Zafarani si zao la huko; huletwa kutoka nje, na ni ghali sana popote duniani. Tuchukulie mama mmoja wa Mwese aliyetumwa viungo vya harusi. Anaonyeshwa pakiti nono, nyekundu, kwa bei ya kutupa, na kijana anamwambia, "Karibu mama, zafarani ya shamba hii." Swali moja linatosha: "Ya shamba lipi, mwanangu?" Zafarani iliyo nyingi na rahisi huwa ni maua ya mmea mwingine yaliyokaushwa. Yatatia rangi, lakini ladha na harufu hayatatia. Kwa viungo vyote, pendelea vile unavyoweza kuvinusa, vinavyopimwa mbele yako kwa mizani yenye chapa ya ukaguzi. Vilivyofungwa viwe na jina la mtengenezaji, uzito, na tarehe ya mwisho wa matumizi.

Kanga uikunjue yote kabla ya kulipa. Tazama pindo, soma jina lililoandikwa, hakikisha vipande viwili vinalingana, na vuta kitambaa kidogo uone kama kimesukwa kwa kubana. Kwa michoro na vinyago, uliza kama ni kazi ya mkono au ya mashine. Muuzaji asiseme uongo juu ya hilo, kwani kumpotosha mlaji kuhusu asili au ubora wa bidhaa kunakatazwa na sheria.

Tanzanaiti ina tahadhari zake. Jiwe hilo huchimbwa Mererani, mkoani Manyara, wala halipatikani kwingineko duniani. Linunue tu kwa mfanyabiashara mwenye leseni, atakayekupa risiti na cheti kinachotaja uzito na ubora. Anayelitoa mfukoni kichochoroni anakuuzia kioo, au anakuuzia kesi. Usinunue vitu vilivyotengenezwa kwa magamba ya kasa. Kasa ni mnyama anayelindwa, na bidhaa hiyo inaweza kutaifishwa.

Wapo pia wanaovutiwa na runinga, magodoro na vyombo vya umeme vya Zanzibar kwa kuwa bei yake huonekana nafuu. Bidhaa zilizoingizwa kutoka nje kupitia Zanzibar zinaweza kudaiwa tofauti ya ushuru zifikapo bandari ya Dar es Salaam. Ulizia Mamlaka ya Mapato Tanzania kabla ya kununua, ujumlishe na gharama ya kusafirisha hadi Mpanda, ndipo ulinganishe na bei ya duka la nyumbani. Mara nyingine unafuu huishia baharini.

Kula: Forodhani na vibarazani

Jua likizama, bustani ya Forodhani, iliyokarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009, hujaa meza za wapishi. Utakuta mishkaki, pweza, kamba, samaki wa kupaka, mikate ya ajemi, maji ya miwa yenye ndimu na tangawizi, na ile chapati ya kujazwa mayai na nyama iitwayo pitsa ya Zanzibar. Kwingineko mjini utapata bakuli la urojo, na kahawa chungu kwa kashata.

Ugomvi mwingi wa mgeni na muuzaji chakula huzaliwa na swali moja lisiloulizwa: bei hiyo ni ya nini? Ni ya kijiti kimoja au ya sahani? Viazi na kachumbari vimo, au vinahesabiwa kando? Mgeni huonyesha kwa kidole, muuzaji hujaza sahani, na hesabu huja baada ya kula, wakati ambapo hakuna cha kurudisha. Uliza kwanza, kuuliza si ujinga.

Uliza pia chakula kimepikwa lini. Vyakula vya baharini huharibika upesi. Pendelea meza yenye wateja wengi wenyeji, samaki anayekaangwa au kuchomwa ukiangalia, na muuzaji anayetumia koleo kushika chakula na mkono mwingine kushika fedha. Pweza aliyepoa na kupashwa moto tena na tena muache. Ukinywa maji ya chupa, hakikisha kifuniko hakijafunguliwa.

Katika mwezi wa Ramadhani, kula na kunywa hadharani mchana hairuhusiwi, na mikahawa mingi hufungwa hadi magharibi. Mgeni asiyefunga ale faraghani mahali pake pa kulala. Baada ya futari mji huamka, na usiku wake ni mzuri kuliko wa mwezi mwingine wowote.

Usiku wa Mji Mkongwe

Usiku wa mji huu ni wa namna nyingi. Kuna baraza za kahawa kama ile ya Jaws Corner, ambako mgeni anayesalimu kwa adabu hupewa nafasi ya kukaa na kusikiliza mabishano ya siasa na mpira. Kuna taarabu: kikundi cha Ikhwani Safaa kilianzishwa mwaka 1905, na Culture Musical Club mwaka 1958, na mji huu ndio uliomlea Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013. Ukihudhuria onyesho, utaona watu wakiinuka kumtunza mwimbaji kwa fedha. Kutunza ni hiari, wala si sehemu ya kiingilio, anayekushurutisha anakosea.

Vileo huuzwa katika hoteli na mahali penye leseni, navyo hunywewa humo humo, si mitaani. Ukiingia, omba orodha ya bei, na uliza kama kuna kiingilio au nyongeza ya huduma. Lipa kila unapoagiza, au dai hesabu iliyoandikwa. Kinywaji chako kifunguliwe mbele yako, na usikiache mezani bila mwangalizi. Patana na dereva wa kukurudisha mapema, kwani saa saba za usiku mwenye gari ndiye mpanga bei.

Kwa mavazi, mabega na magoti yafunikwe mitaani. Usimpige mtu picha bila ruhusa yake. Hayo si masharti ya biashara, ni heshima kwa wenye mji, na mgeni mwenye heshima hutajiwa bei nzuri zaidi.

Likitokea tatizo

Kwanza, zungumza na muuzaji mwenyewe, kwa utulivu, mbele ya mwenye duka. Taja unachotaka: kubadilishiwa, kutengenezewa, au kurudishiwa fedha. Maneno "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" yaliyoandikwa ukutani au kwenye risiti hayampi mtu ruhusa ya kuuza kitu kibovu au cha uongo.

Pili, dai risiti kwa kila ununuzi wa maana, na uipige picha, kwa kuwa karatasi zake hufutika kwa joto na jasho la safari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa mlaji, daftari ni risiti.

Tatu, mkishindwa kuelewana, andika siku hiyo hiyo tarehe, mahali, jina la duka, kiasi na kilichotokea, kisha upeleke lalamiko kwa Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar kabla ya kupanda boti. Kwa wizi au vitisho, nenda polisi. Acha siku moja ya kazi kabla ya safari ya kurudi, isiwe Jumapili wala sikukuu, ili ukiwa na jambo upate ofisi iliyo wazi. Ukikosa jambo, siku hiyo itakuwa ya kupumzika.

Ndugu mlaji, hatukuandika haya ili ukawaogope watu wa Mji Mkongwe. Wengi wao ni wafanyabiashara waungwana, ambao wazee wao waliishi kwa kuaminiwa na mabaharia waliotoka mbali zaidi yako. Muuzaji wa haki hachukii kuulizwa bei, kuombwa risiti, wala kupima mzigo mara ya pili. Atakayechukia amekujibu swali lako. Ahirisha ununuzi, sogea mlango wa pili, na akiba uliyotoka nayo Mwese itafika mahali ulipoikusudia.